Kamba ya Ndani

4 Mei

Mwanangu,

Leo ni siku ya nne tunaishi nyumba moja kama wapangaji waliogombania bomba. Unanisalimia, naitikia, basi. Sasa hivi umetoka kwenda kumuaga jirani yetu fundi cherehani, nami nimepata nafasi ya kukufungia bunda lako bila wewe kusimama mlangoni umenuna. Natumaini barua hii itakukuta mzima. Hali yangu mimi nitakueleza huku chini, usiruke mistari.

Nimetandaza turubai sakafuni. Juu yake godoro lako jembamba, na juu ya godoro blanketi mbili, ile ya kijivu na ile yenye kiraka alichokishona marehemu mama yako. Soksi za sufu, jozi tatu, nimezichomeka kwenye mkunjo wa nje, utaziona mapema. Nitaanza kukunja kutoka upande wa kichwani, nikibana kwa goti, na barua hii nitaiweka kwenye mizunguko miwili ya kwanza, katikati kabisa, mahali ambapo maji hayafiki hata ukitumbukia mtoni. Mizunguko hiyo nitaifunga kwa kamba ya ndani, na bunda zima kwa kamba ya nje, kama nilivyofunga miaka thelathini na moja nikiwabebea wapima ardhi malazi yao.

Najua nilikutolea maneno mabaya. Nilisema sikukusomesha ili uwe punda wa watu. Tena nikasema mbele ya fundi cherehani, ukaaibika. Nisamehe. Haikuwa hasira ile, ilikuwa hofu. Wiki moja kabla hujaniambia umeandikishwa upagazi, mimi nilitoka hospitali. Lile tumbo nililokuwa nikisema ni gesi si gesi. Ni uvimbe. Daktari amenieleza bila kuzunguka: wakinifungua, huenda nikaamka na huenda nisiamke, wasiponifungua, mwaka mpya sitauona. Nitalazwa tarehe tano Agosti.

Nimejaribu kukwambia kwa mdomo mara tatu. Mara ya kwanza nikakwambia chai imepoa. Mara ya pili nikavisema viatu vyako. Mara ya tatu ukaniuliza, "Baba, unataka kusema nini?" nikasema taa izimwe. Mdomo wangu ndivyo ulivyo, unaujua.

Nina ombi moja tu. Hospitali yetu haina matandiko, kila mgonjwa huenda na yake. Nimebeba malazi ya watu maisha yangu yote, na sasa langu mwenyewe siliwezi. Nikiliinua hatua kumi, tumbo linanikata. Ningependa wewe unibebee. Toka hapa nyumbani mpaka kitandani kule, mwendo wa saa nzima, wewe mbele na bunda, mimi nyuma nikikukosoa. Sitaki mtu mwingine alishike. Lori la chakula la kambini huja mjini kila baada ya wiki mbili. Ukipanda lile la mwisho wa Julai utanikuta.

Lakini ukiona huwezi, kwa sababu yoyote ile, usinijibu neno juu ya jambo hili. Niandikie habari za kambi kama kawaida, nitaelewa, wala sitakuuliza tena. Barua za kambini husomwa na watu watatu kabla hazijamfikia mwenyewe, na mimi sitaki Mnyapara na wenzake wajue kwamba yule mzee aliyekuwa akibeba mahema mawili sasa anashindwa na godoro.

Nasikia sauti yako kwa fundi, unacheka. Ngoja nifunge.

Baba yako


22 Mei

Baba,

Shikamoo! Shikamoo nyingine ya ile asubuhi niliyoondoka, maana nilikuamkia ukiwa umenipa mgongo na sijui kama uliitikia. Huku sijambo, ila mgongo ndio umesusa. Hali yako wewe? Unakula? Usiniambie unakula mkate na chai asubuhi na jioni, nitamwandikia fundi cherehani aje akusimamie.

Soksi nimeziona! Nilipofungua kamba siku ya kwanza zikaniangukia miguuni jozi zote tatu. Nilicheka peke yangu mpaka yule mwenzangu ambaye warefu wote wa dunia wamemwachia urefu, tunamwita Twiga, akaniuliza kama jua limenipata kichwani. Siku nne hunitazami usoni, kumbe kichinichini unanitafutia soksi. Baba, wewe ni mtu mgumu sana kumpenda, lakini mimi nimeshazoea.

Kazi ni nzito, sitakudanganya. Nabeba bunda langu na malazi ya mpima mmoja, na juu yake zile fimbo zao za kupimia. Siku ya pili mabega yalivimba, siku ya tatu nililia nyuma ya jiwe, siku ya nne nikaona mbona bado natembea, basi nikaacha kulia. Huku mtandao hamna kabisa, simu nimeigeuza kioo cha kujitazamia. Barua ndiyo mawasiliano yetu, na karani anazifungua zote, anasema ni utaratibu. Umbea huo.

Sasa sikiliza hili. Mnyapara alipita kukagua mizigo. Akafika kwenye bunda langu, akalipigapiga, akaliviringisha kwa mguu, likaviringika sawasawa bila kuyumba. Akaniuliza, "Hili limefungwa na nani?" Nikamtajia. Akavua kofia, Baba! Akasema wewe ulimfundisha kutembea na mzigo alipokuwa hajui hata kufunga viatu. Tangu siku ile hanifokei.

Kazi itakwisha mwishoni mwa Septemba. Tutaonana hapo Mungu akipenda, na uwe umeshapunguza hasira.

Binti yako


8 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Ile ya asubuhi uliyoondoka pia niliitikia, ila ndani kwa ndani.

Barua yako nimeipata na nimeisoma mara mbili, na upande wa nyuma nikautazama pia kama kuna kitu umeandika. Nimefurahi soksi zimekufaa. Septemba, sawa. Nimeelewa.

Mzigo usiubebe bega moja siku nzima. Kupanda, bega la kulia. Barabara tambarare, bega la kushoto, upande wa moyo, utatembea mbali bila kushusha. Msalimie Mnyapara.

Mimi nipo.

Baba yako


29 Juni

Baba,

Shikamoo. Natumaini hujambo, ingawa kwa barua ile uliyoniandikia mtu hawezi kujua. Barua gani ile? Fupi kama risiti ya duka! "Mimi nipo." Hata ukuta upo, Baba. Nilimsomea Twiga, akasema, "Mzee wako bado amekununia." Nikambishia, lakini moyoni nikasema huenda kweli. Kama bado una kinyongo na mimi kwa kuja huku, niambie tuyamalize. Usiniandikie maneno kama umetozwa kwa kila herufi.

Mimi ni mzima. Mabega yameota sugu, sasa nabeba bila kuhisi. Ile ya bega la kushoto ni kweli kabisa! Nimewafundisha na wenzangu, wanaiita "bega la mzee".

Nina jambo la kukuuliza, na nataka unijibu kama baba. Mnyapara ameteguka goti. Hawezi kupanda kwenye sehemu ya juu iliyobaki kupimwa. Amesema mimi ndiye niwaongoze wapagazi, mimi, wa mwisho kuja! Niliona aibu hata mbele ya Twiga. Nikikubali, tutapanda mwishoni mwa Julai, na sitaweza kushuka na lori hata mara moja mpaka Oktoba. Anayeongoza haachi watu wake njiani, hiyo si unaijua kuliko mimi.

Nataka hii nafasi, Baba, sitakuficha. Lakini nakukumbuka. Nimeiota ile nyumba, umekaa kwenye ngazi unashona turubai na miwani puani. Kwa hiyo nakuachia wewe. Ukisema rudi, narudi na lori linalofuata, sitauliza kwa nini. Niandikie neno moja tu, ukali wako wote nitausamehe.

Binti yako


11 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako nimeisomea kwenye ngazi, hapohapo uliponiota. Miwani ilikuwa puani kweli.

Unataka nikuruhusu kwa mkono wangu. Sawa. Mtoto akitaka kuondoka na roho nyeupe, mzazi hana budi kumpa ruhusa. Basi nakuruhusu. Kubali nafasi hiyo. Waongoze, na usishuke. Ulivyosema ni kweli, anayeongoza haachi watu wake njiani, na mimi ndiye niliyewafundisha hivyo wote hao, sasa nitaanzaje kumwambia mwanangu mwenyewe tofauti?

Sina kinyongo. Nilikuwa nacho wiki mbili tatu, nakiri. Nilikuwa nikisikia lori linapita barabara kubwa nageuza kiti. Sasa kimekwisha. Mambo mengine mtu anayabeba mwenyewe, na si kosa la mtu yeyote. Usijilaumu kwa lolote, sasa wala baadaye. Hilo ndilo nililotaka likufikie.

Ukiwa mbele ya msafara, tembea kwa mwendo wa yule wa mwisho. Watu wakikaa kupumzika, wewe kaa wa mwisho na usimame wa kwanza. Turubai likilowa, usilikunje mpaka likauke, hata mpima akikupigia kelele. Mpima hajui kitu juu ya turubai.

Fundi cherehani anakusalimia. Ananiletea uji kila asubuhi, hataki kuniambia kwa nini, na mimi simuulizi.

Baba yako, anayejivunia wewe


25 Julai

Baba,

Shikamoo, Baba yangu mpenzi! Barua yako imenikuta tukifunga mizigo ya kupanda. Nimeisoma mstari wa mwisho mara kumi. "Anayejivunia wewe." Nimeukata na mkasi wa mpishi, nimeuweka kwenye kofia. Karani ameusoma kabla yangu na yeye machozi yalimtoka, ajabu ya mwaka.

Lakini kuna mahali sijakuelewa. Umeniambia nisijilaumu kwa lolote. Nijilaumu kwa nini, Baba? Na huo uji wa fundi ni wa nini, unaumwa? Kama ni malaria nenda ukapime, usijifanye jabali. Nijibu hilo vizuri, si kwa mafumbo.

Sisi tuko salama, ila mvua ilitufanyia kitu kibaya. Tulipigwa siku mbili mfululizo, mahema yakavuja yote. Jua lilipotoka nikaamuru kila mtu afungue bunda lake mpaka mwisho na kuanika. Kambi nzima ikawa kama uwanja wa dobi. Wote wakafungua isipokuwa mimi. Mimi nilifungua kamba ya nje, nikaanika godoro na blanketi mpaka palipoanza mizunguko miwili, nikaishia hapo. Twiga akaja juu: "Kiongozi, mbona wewe kamba ya ndani huigusi? Hiyo sheria ya nani?"

Nikamwambia ni sheria ya baba yangu. Kamba ya ndani haifunguliwi njiani, inafunguliwa nyumbani. Mizunguko miwili ya ndani ndiyo mto wa mpagazi, tangu nimetoka huko ndiyo nalalia hiyohiyo, kama ulivyonifundisha nikiwa mdogo. Nikawaambia, "Kamba hii aliifunga Mzee kwa mikono yake siku nilipoondoka, akiwa amenikasirikia, na nitaifungua mbele yake." Walinicheka sana! Lakini palikuwa pakavu, Baba, nimepapasa kwa nje, hata unyevu hamna. Kitu kimoja tu kinanisumbua: mle ndani mna kitu cha karatasi, kinakwaruza sikioni kila nikigeuka. Nadhani ni gazeti uliloliweka kuzuia unyevu. Mara nyingine ulitie upande wa sikio lingine, hili la kulia limechubuka.

Kesho tunapanda. Barua hii nampa dereva wa lori, ndilo la mwisho mimi kuliona mpaka Oktoba.

Binti yako, kiongozi wa msafara (usicheke)


4 Agosti

Mwanangu, mwanangu,

Marahaba mara mia. Barua yako imefika jana, nimeisoma nimesimama, ikabidi nitafute kiti.

Hujaisoma. Miezi mitatu hujaisoma! Si gazeti hilo linalokukwaruza sikio, ni barua yangu. Nilikuandikia ile siku uliyokwenda kumuaga fundi, nikaitia katikati, nikafunga kamba ya ndani juu yake kwa mazoea ya miaka thelathini na moja. Mikono ilifunga yenyewe, kichwa kilikuwa kwingine. Wala sikukumbuka ulipokuwa na miaka tisa, ulipofungua kamba ya ndani ya bunda langu kutafuta peremende. Nilikuchapa, nikakwambia kamba hiyo haiguswi mpaka mtu afike nyumbani. Ulilia, ukaapa hutaigusa tena. Hukuigusa. Mimi mwenyewe nimekufungia mlango na ufunguo nimeuweka ndani.

Nimecheka, wallahi, nimecheka mpaka fundi akaja mbio akidhani nimezidiwa. Halafu nikalia, naye akalia bila kujua sababu.

Nilikuandikia kwamba ninaumwa. Tumboni kuna uvimbe, kesho naingia hospitali, keshokutwa asubuhi wananifungua. Nilikuomba uje unibebee bunda langu mpaka huko. Na kwa ujinga wangu nikakwambia kama huwezi, usijibu kitu, nitaelewa. Basi kila barua uliyoniandikia ya soksi na mabega na Twiga, mimi nilisoma hapana. Ulipoandika "ukisema rudi, narudi," nilidhani unaomba nikufungulie mlango utoke bila dhambi. Nilikununia, mwanangu. Nimekula mezani nimeligeuzia kisogo hata lile sufuria lako. Nisamehe. Mtu mzima mzima nimekasirikia mtoto asiyejua lolote. Hukukataa. Hukuulizwa.

Fundi ameniambia niahirishe mpaka ushuke. Nimekwenda kumuuliza daktari, amesema nafasi hii ikipita nyingine ni mwakani, na mimi mwakani sinao. Lori haliji mpaka wiki ijayo, kwa hiyo barua hii itakukuta mambo yameshakwisha, yawe mazuri au mabaya. Usiwatupe watu wako huko juu ukakimbia milimani peke yako. Wakabidhi kwa Twiga vizuri, halafu ushuke.

Na ile barua usiifungue huko. Umeilinda miezi mitatu, ilinde siku chache zaidi. Sheria ni sheria. Ifungue hapa. Nikiwepo, tutaifungua pamoja na nitakusomea mwenyewe, na utanicheka. Nisipokuwepo, ifungue kitandani kwangu.

Bunda langu liko tayari hapa mlangoni. Nimelifunga leo asubuhi, polepole. Fundi amesema atalibeba, nimemkatalia, akanuna. Nimemwambia bunda hili lina mtu wake, ila yuko mbali na hakuambiwa. Kesho nitalibeba mwenyewe, kidogo kidogo, na nitapumzika nikichoka. Naogopa, sitakudanganya. Lakini juzi niliogopa zaidi, maana juzi nilidhani nakwenda huku mwanangu amenikataa. Leo najua siyo. Hilo peke yake limenipunguzia mzigo.

Kula vizuri. Vaa soksi.

Baba yako


22 Agosti

Baba,

Shikamoo.

Nimeandika hapo nikasubiri, kama mjinga. Nimezoea unaitikia.

Barua yako ilinifikia tarehe kumi na saba. Dereva wa lori alimpa mtu wa punda, naye akapanda nayo siku mbili. Nilifanya kama ulivyoagiza, niliwakabidhi watu kwa Twiga mmoja mmoja, mzigo kwa mzigo. Twiga alisema nenda tu, nenda, sisi si watoto. Nikashuka na bunda langu begani. Njia ya siku mbili nilitembea kwa moja na nusu. Kamba ya ndani sikuigusa. Karatasi ilikuwa ikikwaruza kila nikilala na sasa nilijua ni wewe unayekwaruza, nikawa sipati usingizi, lakini sikuigusa.

Nilifika juzi asubuhi. Fundi cherehani alikuwa ameketi kwenye ngazi yetu, na nilipomwona amekaa hapo nikajua. Alisimama akanishika mikono yote miwili. Baadaye akanieleza. Hukuamka, Baba. Walikufungua asubuhi, na adhuhuri daktari akatoka akaulizia nani ni ndugu wa mzee wa bunda. Fundi akasema ni yeye. Walikuzika tarehe saba. Hakukuwa na namna ya kunipata kwa wakati.

Amenieleza pia ile safari ya tarehe tano. Alikufuata nyuma kwa mbali, maana ulimkataza kukusogelea. Anasema ulishusha bunda mara kumi na moja. Kila ukishusha ulilikalia, unafuta jasho, unawasalimia wapita njia kana kwamba umekaa hapo kuuza kitu. Mara ya tisa kuna kijana alitaka kukusaidia, ukamwambia, "Asante, mwenyewe anakuja." Fundi aliponiambia hilo nilimwomba aache kidogo. Nikatoka nje, nikarudi, nikamwambia haya, endelea.

Halafu nikaingia chumbani kwako, nikaliweka bunda langu kitandani, nikafungua kamba ya nje, nikafungua ya ndani. Fundo lako lilikuwa gumu, nililifungua kwa meno. Barua ilikuwa kavu, Baba. Mvua yote ile, mito yote, na haikuwa na doa. Nikaisoma. Nikaisoma tena kwa sauti, kwa sauti yako, pale pa chai imepoa. Uliahidi kunisomea mwenyewe, basi nikakusaidia.

Uliandika kama siwezi, nisijibu. Najibu. Naweza, Baba. Ningekuja siku ileile. Ningegeuka mlangoni kwa fundi nikiwa bado nacheka, nisingepanda hilo lori hata kidogo, na ungenigombeza, na tusingesemeshana siku nyingine nne, na ningefurahi. Nina hasira na wewe. Kwa nini hukusema tu? Neno moja, Baba! Tulikuwa chumba kwa chumba. Na mimi kwa nini sikukuuliza tena? Nilikuuliza unataka kusema nini, ukasema taa izimwe, nami nikaizima. Nimekaa na hilo siku mbili, na sijui nitakaa nalo mpaka lini.

Leo asubuhi nilikwenda hospitali. Nilidhani watakuwa wamelitupa bunda lako. Mwuguzi wa zamu akanipeleka stoo, likawa pale chini ya rafu, limesimama wima, halikuyumba hata kidogo. Akasema wafagiaji walikuwa wakilitazama kila siku, hawajawahi kuona godoro limefungwa vile. Ulifungua kamba ya nje tu, ukalala usiku mmoja, na asubuhi kabla hawajakuchukua ukalikunja tena na kulifunga mwenyewe. Kamba ya ndani haijaguswa.

Nimelifungua hapa nyumbani, kwenye ngazi. Ndani mlikuwa na barua zangu tatu na mkanda wako wa zamani wa kubebea, ule wa ngozi uliokuwa ukinikataza kuuchezea. Nimeuvaa. Unanitosha. Barua hii nitaiweka palepale na wenzake, na nitafunga kamba zote mbili. Kambini wananihitaji, na nitarudi na lori lijalo.

Lakini nilitaka ujue habari za leo. Mwuguzi aliniuliza kama nimwite mtu wa toroli anisaidie mpaka barabarani. Nikamwambia mwenyewe nimekuja. Kutoka kule mpaka hapa ni saa nzima, njia tambarare. Nililibeba bega la kushoto. Nilitembea polepole, mwendo wako, na pale kwenye kona ya daraja nikasikia kabisa unaniambia ninyooshe mgongo, nikanyoosha. Sikulishusha hata mara moja.

Binti yako